Kabla ya Kusema "Mimi Programu Siziwezi": Kuiweka Sawa Python na Kihariri Chake

Zamu ya ukurasa huu mara hii imeniangukia mimi, nimeombwa niandike juu ya kompyuta. Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Mimi ni mhandisi wa maji, nina miaka thelathini, na kompyuta ya kwanza kuwa yangu mwenyewe niliipata nikiwa na miaka ishirini na mbili. Lakini siku hizi tasnifu ya uhandisi haiendi bila kuandika programu mbili tatu. Kwa hiyo tabu ninayoieleza hapa nimeionja mwenyewe, sikuisoma kitabuni.

Nitaandika juu ya Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991 na ambayo sasa hufundishwa vyuo vingi mwaka wa kwanza, na juu ya Visual Studio Code, programu ya bure ya Microsoft ambayo wengi wetu tunaitumia kuandikia kodi (na sisemi kodi ya nyumba). Programu ya namna hii nitaiita kihariri. Mwenye kutumia kihariri kingine asiukimbie ukurasa huu, maana matatizo ni yale yale.

USIKU MMOJA SINAW

Mwezi uliopita nilikwenda Sinaw. Kwa wasioijua Oman, Sinaw ni mji wa Sharqiyah Kaskazini, uliofanywa wilaya yake yenyewe mwaka 2022, na sifa yake kubwa ni soko la Alhamisi. Mabedui huleta mbuzi na ngamia, watu hujipanga duara, mnyama anazungushwa katikati na bei inapandishwa kwa makelele. Alhamisi ile sikuwa na kipindi, nikasema niende nikaone, nilale kwa mwenyeji wangu mmoja. Mama yake alizaliwa Unguja, akaja Oman baada ya mwaka 1970 kama walivyokuja wengi, na ndani ya nyumba ile Kiswahili ndiyo lugha ya jikoni mpaka leo.

Nilipoingia nikamwamkia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Hebu mwangalie mdogo wako huyo, tangu jana hali wala halali. Nikimwita ananambia, bibi ngoja, mashine imekataa."

Mjukuu wake yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi. Nikamkuta chumbani na kompyuta, macho mekundu. Akaniambia, "Kaka, mimi nadhani uhandisi sio wangu. Jumapili nakwenda kuomba nihamishwe, nikasome biashara."

Kazi yake yenyewe ilikuwa ndogo na nzuri. Walipewa wahesabu zamu za maji ya falaj. Falaj ni mfereji unaoleta maji mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Mitano ya Oman, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Maji yake hugawiwa kwa muda, na kipimo kimojawapo kinaitwa athar, ambacho ni karibu nusu saa. Kijana alipewa faili lenye majina ya mashamba na athar za kila shamba. Programu yake ilitakiwa itoe saa za kila shamba, ijumlishe, kisha ichore mchoro.

Nikaisoma kodi yake. Ilikuwa mistari kumi na kitu, na mtu aliyeiandika alielewa alichofundishwa. Mambo matatu yaliyomzuia siku mbili hayakuwa ya hesabu wala ya lugha ya Python. Yote matatu yalikuwa ya jinsi mashine ilivyowekwa, na hakuna aliyewahi kumfundisha hayo.

Jamani, niliumia, kwa sababu nilijiona mimi. Muhula wangu wa kwanza wa uzamili nilipoteza wiki tatu kwa tatizo la namna hii hii. Sikumwambia msimamizi wangu, niliona aibu. Wenzangu darasani walikuwa na kompyuta tangu utotoni, nami nikaamini kwamba wao wana akili ya kitu hiki na mimi sina. Nilifika mahali pa kuandika barua pepe ya kuomba nibadilishiwe mada. Sikuituma, na nashukuru. Kumbe kwenye mashine yangu zilikuwemo Python mbili, basi.

Ndiyo maana naandika makala hii. Mtu akishindwa hesabu, anajua ameshindwa hesabu. Lakini mtu ambaye mashine yake haikuwekwa sawa hajui kitu gani kimeshindwa, kwa hiyo anajihesabia yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyeshindwa. Wengine wanaacha kozi hapo.

KWANZA, NANI ANAFANYA NINI

Tuelewane jambo moja, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kihariri hakijui Python. Kihariri ni daftari zuri tu: kinapaka maneno rangi, kinakukumbusha mabano, kinakupa kitufe cha kuendesha programu. Anayesoma ulichoandika na kukitenda ni programu nyingine kabisa, inayoitwa Python, na kazi yake ni ya mkalimani. Unapobonyeza kitufe cha kuendesha, kihariri kinamwita mkalimani na kumwambia, soma faili hili.

Kwa hiyo ukisakinisha Visual Studio Code peke yake, una daftari bila mkalimani. Unahitaji vitu vitatu, kwa mpangilio huu.

1. Python yenyewe, kutoka python.org. Kwenye Windows, kama dirisha la kusakinisha lina kisanduku kilichoandikwa "Add python.exe to PATH", kitie tiki kabla ya kuendelea. Kisanduku hiki kidogo kimewaliza watu wengi.

2. Visual Studio Code, kutoka code.visualstudio.com.

3. Kiendelezi cha Python kilichotengenezwa na Microsoft. Ndani ya Visual Studio Code bonyeza Ctrl+Shift+X, andika Python, angalia jina la mtengenezaji, kisha sakinisha. Usisakinishe viendelezi kumi kwa siku moja kwa kuwa rafiki amekwambia ni vizuri. Kikiharibika kimoja hutajua ni kipi.

Ukimaliza, tengeneza folda mahali pa wazi, kwa mfano D:\kazi au C:\kazi. Tumia jina fupi, herufi za kawaida, bila nafasi. Nasema hivyo kwa sababu kompyuta nyingi za huku zina jina la mtumiaji kwa Kiarabu, na baadhi ya programu hujikwaa zikikuta jina la namna hiyo kwenye njia ya folda. Ziko pia zinazohamisha faili zako mtandaoni bila wewe kujua, ukaja kulitafuta faili ulipoliacha usilikute.

Sasa tuje kwenye kutibu. Mimi nimejifunza kuiuliza mashine maswali matatu, kwa mpangilio, kabla sijagusa hata mstari mmoja wa kodi. Python ipi? Folda ipi? Herufi zipi?

SWALI LA KWANZA: PYTHON IPI?

Kijana wangu wa Sinaw alikuwa akipata ujumbe huu:

ModuleNotFoundError: No module named 'matplotlib'

Yaani Python inasema haikioni kifurushi cha kuchorea michoro. Na yeye anaapa amekisakinisha mara nne. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Fikiria uko soko la Sinaw siku ya Alhamisi, unapaza sauti, "Salim!" Wataitika watu wanane. Wewe utaondoka na aliyeitika kwanza, hata kama siye uliyemtaka. Ukiandika neno python kwenye dirisha la amri, Windows inafanya hivyo hivyo. Inayo orodha ya folda, inaitwa PATH, inazipitia moja moja, na Python ya kwanza kuitika ndiyo utakayopewa. Kihariri nacho kina yake kiliyoichagua, ambayo huenda ikawa nyingine. Basi unakisakinisha kifurushi kwa Salim wa kwanza, halafu unamwomba kazi Salim wa pili.

Ili uwaone wote walioitika, fungua dirisha la amri ndani ya kihariri (menyu ya Terminal, kisha New Terminal) na uandike:

where.exe python

Kila mstari utakaotokea ni Python mmoja, na wa juu ndiye anayeitika kwanza. Ukiona mstari wenye neno WindowsApps, huenda huyo si Python hata kidogo, ni mlango tu wa duka la Microsoft. Ndiyo sababu wengine wakiandika python wanafunguliwa duka badala ya kupata jibu. Wenye Mac au Linux andikeni which -a python3, na kumbukeni kwamba kwenu neno ni python3, si python.

Halafu uulize kihariri kinamtumia nani. Tengeneza faili dogo, liite angalia.py, uandike:

import sys
print(sys.executable)

Liendeshe kwa kitufe. Njia itakayoandikwa ndiyo Python inayosoma kazi zako kweli kweli. Kama siyo uliyoitaka, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Python: Select Interpreter", uchague ile sahihi. Baada ya hapo funga dirisha la amri la zamani ufungue jipya, maana la zamani linaendelea na mawazo yake ya zamani.

Na tangu leo acha kuandika pip install peke yake. Andika hivi:

python -m pip install matplotlib

Maana yake ni kwamba, ewe Python unayeitika hapa, jisakinishie wewe mwenyewe. Kifurushi hakiwezi tena kwenda kwa jirani.

Wenye kutaka usafi zaidi, kila kazi kubwa ipeni mazingira yake kwa amri ya python -m venv mazingira. Hiyo itatengeneza folda yenye Python ya kazi hiyo tu, na kihariri mara nyingi kitakuuliza kama uitumie. Kubali. Ukijaribu kuyawasha mazingira hayo kwenye PowerShell ukaambiwa "running scripts is disabled on this system", usitishike, si virusi. Ni kinga ya Windows. Njia nyepesi ni kubonyeza mshale mdogo kando ya alama ya kujumlisha kwenye dirisha la amri, uchague Command Prompt, kisha uandike mazingira\Scripts\activate.

Bado kuna mtego mmoja kwenye swali hili. Usilipe faili lako jina la kifurushi. Ukiliita matplotlib.py au random.py, Python ikitafuta kifurushi itakuta faili lako kwanza, itaridhika nalo, halafu itakupa makosa yasiyoeleweka. Rafiki yangu mmoja alisumbuka siku nzima kwa jina la faili.

SWALI LA PILI: FOLDA IPI?

Tulipomaliza la kwanza, kijana akafurahi dakika moja. Kisha likatoka hili:

FileNotFoundError: [Errno 2] No such file or directory: 'zamu.csv'

"Kaka, faili si hili hapa? Naliona kwa macho yangu!" Ndiyo, analiona yeye. Python haitazami kwa macho yake. Ukiandika "zamu.csv" bila njia, Python inalitafuta pale iliposimama wakati huo, na iliposimama si lazima iwe pale faili la programu lilipo.

Yeye alikuwa akifungua kihariri, kisha anafungua faili moja moja kwa kubofya. Hiyo ni sawa na kumwita fundi umwoneshe bomba moja bila kumwingiza nyumbani. Kihariri hakijui kazi yako inaanzia wapi, kwa hiyo Python inasimamishwa kwingine, mara nyingi kwenye folda ya mtumiaji.

Dawa ni kufungua folda nzima. Nenda menyu ya File, kisha Open Folder, uchague D:\kazi. Utaona majina ya faili zote yamejipanga kushoto, na dirisha la amri jipya litasimama ndani ya folda hiyo. Ukitaka uhakika, andika:

import os
print(os.getcwd())

Hiyo inasema, nioneshe uliposimama. Kama ni mahali pengine, umeshapata jibu lako.

Mengine mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, Windows ina tabia ya kuficha mwisho wa majina ya faili. Unaona zamu.csv, kumbe ni zamu.csv.txt. Kwenye File Explorer, menyu ya View ina sehemu ya kuonesha miisho hiyo. Iwashe na usiizime tena. La pili, angalia kichupo cha faili juu ya kihariri. Kikiwa na kidoti cheupe badala ya alama ya kufunga, hujahifadhi. Ukiendesha kwa kuandika amri mwenyewe, Python itasoma lililo kwenye diski, si lililo kwenye skrini. Utarekebisha kosa mara kumi na mara kumi litarudi, mpaka uanze kufikiria uchawi. Bonyeza Ctrl+S.

SWALI LA TATU: HERUFI ZIPI?

Hili ndilo lililotukalisha mpaka saa sita usiku, na kwa sisi tunaosoma nchi za Kiarabu ndilo letu hasa. Programu ikaanza kusoma faili, ikasimama:

KeyError: 'shamba'

Safu ya kwanza ya faili inaitwa shamba. Ipo, inaonekana. Python inasema haipo. Nikamwambia aandike majina ya safu kama Python inavyoyaona. Yakatoka hivi:

['ï»؟shamba', 'athar']

Tazama hiyo takataka mwanzoni. Faili lilihifadhiwa na Excel kwa mtindo wa CSV UTF-8, na Excel hutia alama isiyoonekana mwanzo wa faili, kama muhuri. Python kwenye Windows kwa miaka mingi imekuwa ikifungua faili kwa mtindo wa herufi wa mashine yenyewe, na mashine yake iliwekwa Kiarabu. Basi muhuri ukasomwa kama herufi tatu za ovyo zikagandana na neno shamba. Kwa Python, hilo si shamba tena.

Majina ya mashamba na miji nayo yalikuwa kwa Kiarabu. Neno Sinaw lenyewe, سناو, lilitoka ط³ظ†ط§ظˆ. Kijana alidhani faili limeharibika. Halikuharibika. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Faili liliandikwa kwa ufunguo mmoja likasomwa kwa ufunguo mwingine. Ni kama barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wa pwani, ukampa Mwarabu asiyejua Kiswahili. Ataisoma yote kwa sauti, wala hataelewa neno.

Dawa ni kumtajia Python ufunguo. Programu yake, kabla ya sehemu ya mchoro, ikawa hivi:

import csv

jumla = 0
with open("zamu.csv", encoding="utf-8-sig", newline="") as faili:
    for mstari in csv.DictReader(faili):
        saa = int(mstari["athar"]) * 30 / 60
        print(mstari["shamba"], saa)
        jumla = jumla + saa
print("Jumla ya saa:", jumla)

Maneno yaliyofanya kazi ni encoding="utf-8-sig". Hiyo utf-8 ndiyo ufunguo, na sig ni kusema kwamba ukikuta muhuri mwanzoni, uruke. Zoea kuyaandika kila unapofungua faili la maandishi lililotoka Excel.

Swali hili la herufi lina watoto wengi. Nitaje wale ninaokutana nao mara kwa mara.

Koma ya Kiarabu. Kibodi ikiwa imebaki kwenye Kiarabu utaandika ، badala ya koma ya kawaida, na Python itasema: invalid character '،' (U+060C). Geuza kibodi kwa Alt na Shift, au kitufe cha Windows na nafasi. Tarakimu nazo zina kichekesho. Ukiandika ١٢ ndani ya kodi, Python inakataa. Lakini zikiwa ndani ya maandishi, yaani int("١٢"), inazisoma bila shida na kukupa 12.

Alama za kunukuu zilizopinda. Mtu anakutumia kodi kwenye WhatsApp au ndani ya Word, unanakili. Alama zimegeuzwa kuwa “ na ”, na Python inazitaka zile zilizonyooka. Ukiona U+201C kwenye ujumbe wa kosa, ndizo hizo. Zifute uziandike mwenyewe.

Nafasi na Tab. Python inajua mistari ipi ni ya kundi moja kwa kuangalia nafasi zilizo mwanzo wa mstari. Ukichanganya kitufe cha Tab na nafasi za kawaida, kwa macho mistari inalingana, kwa Python hailingani, na utaambiwa TabError au IndentationError. Chini kulia kwenye kihariri kuna maneno kama "Spaces: 4". Yabofye, uchague "Convert Indentation to Spaces", na jambo limekwisha.

KWA WANAORUDI NYUMBANI LIKIZO

Wengi tunajua hali ilivyo ukirudi nyumbani: bando linaisha katikati ya kupakua. Basi ukiwa bado chuoni kwenye mtandao mzuri, pakua vifurushi vyako uviweke kwenye folda:

python -m pip download matplotlib -d vifurushi

Ukifika nyumbani, sakinisha bila mtandao kabisa:

python -m pip install --no-index --find-links vifurushi matplotlib

Sharti ni kwamba kompyuta zote mbili ziwe na aina moja ya Windows na toleo moja la Python. Folda hiyo unaweza kuitia kwenye flashi ukampa na mdogo wako. Mimi likizo iliyopita niliwapa watu wanne.

Na neno moja juu ya lugha. Kuna wanaosema mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na maneno kama faili na folda watu wanayatumia bila kufikiri. Ujumbe wa makosa utaendelea kuja kwa Kiingereza, sawa. Lakini ukiueleza kwa Kiswahili kwa mtu aliye kando yako, utashangaa jinsi unavyoueleza vizuri zaidi. Usiku ule Sinaw tulikuwa tunaongea Kiswahili tu.

NIMALIZIE

Kwa kifupi, siku mashine ikikataa, usianze kufuta kodi wala usianze kujitukana. Soma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa, maana huo ndio wenye habari. Kisha uliza: Python ipi, folda ipi, herufi zipi. Yote matatu yakiwa sawa na bado haiendi, hapo sasa kosa ni la kodi, na kosa la kodi ni darasa, utajifunza kitu. Na ukikaa saa mbili bila kusogea, muulize mtu. Msimamizi wangu nilipomweleza hatimaye, alicheka akasema yeye yalimkuta hayo hayo.

Kijana wa Sinaw naye kosa la kodi alikuwa nalo. Kodi niliyoiweka hapo juu ni ile iliyokwisha sahihishwa. Ya kwake ya mwanzo, ilipokubali kwenda kwa mara ya kwanza, ilisema shamba lenye athar nne linapata saa 120. Nikanyamaza makusudi. Akaitazama kama dakika moja, akaanza kucheka peke yake. "Kaka, saa mia na ishirini! Siku ina saa ngapi? Nimezidisha thelathini, nikasahau kugawa kwa sitini." Akarekebisha mwenyewe, ikatoka saa mbili. Sikumsaidia hata herufi moja.

Bibi alikuwa bado macho. Akatuletea chai na mkate wa kumimina, akauliza kama mashine imekubali.

"Imekubali, bibi."

"Basi kula."

Jumapili hakwenda kuomba uhamisho. Sijui atakuwa mhandisi wa namna gani, hilo la Mungu. Lakini akishindwa huko mbele, atashindwa jambo lenyewe, si kisanduku ambacho hakuna aliyemwambia akitie tiki.

Mwenye swali aniulize kwenye mkutano wetu ujao, na aje na kompyuta yake. Kila la kheri kwenye mitihani.